Li Shizhen: Tabibu wa China aliyetumia miaka 27 kusahihisha dawa za mababu

Wengi wenu mnaoishi Muscat, London au Guangzhou bila shaka mmewahi kupita mbele ya duka la dawa za Kichina. Ndani yake huwa na kabati kubwa lenye droo ndogo ndogo kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, na katika kila droo kuna mizizi, magome, mbegu au maua yaliyokaushwa. Muuzaji hupima kwa mizani, hufunga katika karatasi, na mnunuzi huambiwa akachemshe na kunywa. Mbele ya kabati kama hilo watu hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaoamini kwamba kila kilichomo ndani yake kinaponya, kwa kuwa kimetumiwa tangu zamani za kale. Na kuna wanaoona kwamba mambo yote hayo ni ushirikina mtupu.

Leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye asingekubaliana na kundi lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa tabibu wa jadi, mtoto wa tabibu na mjukuu wa tabibu. Aliiheshimu tiba ya wazee wake kiasi cha kuipa umri wake wote, lakini alitambua kwamba vitabu vya wazee hao vilikuwa na makosa, na kwamba makosa hayo yalikuwa yakiua watu. Jina lake ni Li Shizhen.

Li Shizhen alizaliwa mwaka 1518 katika mji wa Qizhou, karibu na mto Changjiang, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la Yangtze. Mahali hapo hivi sasa ni wilaya ya Qichun, mkoani Hubei, katikati ya China. Wakati ule China ilikuwa chini ya wafalme wa enzi ya Ming. Babu yake alikuwa mmoja wa matabibu waliokuwa wakitembea kijiji hadi kijiji huku wakipiga kengele ili wagonjwa wajue kuwa wamefika. Baba yake, Li Yanwen, alipanda daraja kidogo, akawa tabibu msomi aliyeandika vitabu, vikiwemo kimoja kuhusu mzizi wa ginseng na kingine kuhusu pakanga ya Qizhou, majani ambayo hukaushwa na kuchomwa karibu na ngozi ya mgonjwa ili kumpa joto.

Hata hivyo, kazi ya utabibu haikuwa na heshima kubwa siku hizo. Heshima ilikuwa kwa maofisa wa serikali, na njia ya kuufikia uofisa ilikuwa mitihani migumu ya maandiko ya kale. Kwa hiyo baba alitaka kijana wake asome ili aitoe familia katika unyonge. Shizhen alipata matumaini mapema, kwani alifaulu mtihani wa ngazi ya chini akiwa na umri wa miaka 14. Baada ya hapo alikwenda mji wa Wuchang mara tatu kufanya mtihani wa ngazi ya mkoa, na mara zote tatu alishindwa.

Katikati ya miaka hiyo ya kushindwa alipatwa na jambo ambalo baadaye alilieleza mwenyewe katika kitabu chake. Akiwa na miaka 20 hivi alishikwa na mafua na kikohozi ambacho hakikuisha. Mwili ukawaka kama moto, kila siku akawa anatema makohozi ya kujaza bakuli, na kwa zaidi ya mwezi mmoja hakula wala kulala vizuri. Alitumia dawa za kila aina bila kupata nafuu, na watu waliomwona walikata tamaa. Ndipo baba yake alipokumbuka maelezo ya tabibu mmoja wa zamani kuhusu mzizi wa mmea uitwao huangqin. Alichukua kipimo kimoja cha mzizi huo peke yake, akauchemsha katika vikombe viwili vya maji mpaka kikabaki kimoja, akamnywesha mwanawe. Siku ya pili homa ilishuka, na kikohozi nacho kikapona. Kijana aliona kwa mwili wake mwenyewe tofauti kati ya dawa inayolingana na ugonjwa na dawa zinazotolewa kwa kubahatisha. Baada ya kushindwa mtihani kwa mara ya tatu mwaka 1540, alimwomba baba yake ruhusa ya kuacha mitihani na kuwa mwanafunzi wake, na baba akakubali.

Kabla ya kuendelea na safari yake, tuangalie kwanza elimu aliyofundishwa, kwa sababu bila hiyo si rahisi kuielewa kazi yake. Tiba ya jadi ya China inauona mwili kama dola ndogo ambayo lazima pande zake zilingane. Upande mmoja unaitwa yin, ambao ni baridi, unyevu, kivuli na utulivu. Upande wa pili unaitwa yang, ambao ni joto, ukavu, mwanga na mwendo. Mtu mzima ni yule ambaye pande hizo mbili zimelingana ndani yake, na ugonjwa ni mmoja kuuzidi nguvu mwingine. Ndani ya mwili kuna nguvu ya uhai iitwayo qi, ambayo inasemekana hupita katika njia kuu 12 na njia nyingine 8 za akiba. Qi ikipungua mtu hulegea, na ikiziba mahali mtu hupata maumivu. Sindano nyembamba wanazochomwa wagonjwa, yaani tiba ya akupancha, nia yake ni kuzifungua njia hizo.

Kisha kuna asili tano, nazo ni mti, moto, udongo, madini na maji. Kila moja ina kiungo chake: ini ni la mti, moyo ni wa moto, wengu ni wa udongo, mapafu ni ya madini na figo ni za maji. Kama vile maji yanavyozima moto na mti unavyolishwa na maji, ndivyo kiungo kimoja kinavyoweza kukilisha kingine au kukikandamiza. Kwa hiyo tabibu anaweza kuyatibu maradhi ya kiungo kimoja kwa kukishughulikia kingine.

Dawa nazo zinapangwa kwa asili na ladha. Asili ni nne: ya moto, ya vuguvugu, ya ubaridi kidogo na ya baridi kabisa. Ladha ni tano: ukali, utamu, uchachu, uchungu na chumvi. Tangawizi ni kali na ina joto, kwa hiyo hupewa aliyeingiwa na baridi. Mzizi wa huangqin uliomponya Shizhen ni mchungu na wa baridi, na ndiyo maana ulipelekwa kupambana na homa. Wasomaji wetu wa pwani hawatashangaa, kwani na sisi tumelelewa na bibi waliokuwa wakitenganisha vyakula vya hari na vya baridi.

Ili kuujua ugonjwa, tabibu wa Kichina ana njia nne, ambazo babake Shizhen aliziandikia kitabu. Kwanza anamtazama mgonjwa, hasa rangi ya uso na ulimi. Pili anasikiliza sauti na pumzi, na kunusa harufu. Tatu anauliza maswali. Nne anapapasa mshipa wa mkono. Shizhen aliyachukulia mambo haya kwa uzito mkubwa, na mwaka 1564 aliandika kitabu kidogo kuhusu mapigo ya mshipa, ambamo alieleza aina 27 za mapigo kwa mashairi ili wanafunzi waweze kuyahifadhi kichwani.

Mfano mmoja wa matibabu yake unaonyesha jinsi alivyoyatumia mambo hayo. Alikuwepo mama mmoja wa ukoo wa kifalme, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, ambaye karibu maisha yake yote alisumbuliwa na kufunga choo. Kwa zaidi ya miaka 30 matabibu walimpa ama dawa za kulainisha na kuongeza damu, ama dawa kali za kuharisha, na zote hazikumsaidia. Shizhen alimwangalia akaona kuwa ni mama mnene, mpenda vyakula vya mafuta, ambaye kila siku hutema makohozi mengi. Kwa maoni yake, tumbo la mama huyo halikuwa kavu kama wenzake walivyodhani, bali qi yake ilikuwa imeziba na haishuki. Alimpa vidonge vya mbegu ya mmea uitwao qianniu, na choo kikafunguka. Kinachofundishwa na tiba hii ya jadi ni kwamba wagonjwa wawili wenye dalili moja wanaweza kuhitaji dawa mbili tofauti, na kwamba kazi ya tabibu ni kuutafuta mzizi wa dalili hiyo.

Lakini tabibu hata akiutambua ugonjwa vizuri, atafanya nini ikiwa kitabu cha dawa kinamdanganya? Swali hili ndilo lililomnyima usingizi Shizhen. China ilikuwa na desturi ndefu ya kuandika vitabu vya dawa. Kitabu cha kwanza kabisa kinachojulikana, ambacho kimepewa jina la Shennong, mfalme wa hadithi za kale anayesemekana kuonja majani yote, kilikuwa na dawa 365. Kila enzi iliongeza zake, na kufikia karne ya 12 orodha ilikuwa imepita dawa 1,500. Katika kunakili na kuongeza huko, mmea mmoja ulipewa majina matatu, mimea miwili tofauti ikaandikwa kama mmoja, na michoro ikawekwa mahali pasipo pake. Mzizi unaoupa mwili nguvu ulichanganywa na mwingine unaofanana nao ambao ni sumu ya kuua. Tabibu akiandika jina sahihi, duka lilitoa kitu kingine, na aliyezikwa ni mgonjwa.

Baya zaidi lilikuwa jambo la zebaki. Baadhi ya vitabu vilivyoheshimiwa vilisema kuwa zebaki haina sumu na kwamba mwenye kuila kwa muda mrefu ataishi milele. Jambo hili halikuwa la mzaha, kwa sababu Mfalme Jiajing, aliyetawala China mpaka alipofariki mwaka 1567, alikuwa mpenzi mkubwa wa dawa za kutafuta uzima wa milele, na watengenezaji wa dawa hizo walipata vyeo na mali katika kasri lake. Shizhen aliandika waziwazi kwamba tangu karne nyingi nyuma watu wasiohesabika waliila zebaki kwa tamaa ya kuishi, wakaishia kuwa vilema au kufa, na kwamba vitabu vilivyoisifu vilipotosha. Kwa mtu wa kawaida wa Qizhou, kuyapinga maneno ya vitabu vitukufu kulihitaji moyo.

Mwaka 1552, akiwa na umri wa miaka 34, alianza kazi ya kuandika upya kitabu chote cha dawa cha nchi yake. Aliianza bila agizo la mfalme na bila fedha za serikali. Alisoma zaidi ya vitabu 800, si vya utabibu peke yake, bali pia vya historia, mashairi, kilimo na safari. Na pale vitabu vilipopingana, alitoka nje kwenda kuangalia. Aliwauliza wavuvi, wawindaji, wakulima, wakata kuni na wachimba madini, watu ambao wasomi wa zama zile hawakuwa na mazoea ya kuwauliza kitu.

Tuchukue mifano michache. Qizhou ilisifika kwa nyoka mmoja mwenye sumu ambaye hukaushwa na kufanywa dawa, na kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa, wafanyabiashara waliuza nyoka wa mahali pengine kwa jina hilo hilo. Shizhen alieleza alama za nyoka wa kweli, zikiwemo mapambo 24 yenye umbo la pembe nne ubavuni mwake, na akaeleza jinsi wenyeji wanavyomnasa kwa kummwagia mchanga na kumbana kwa uma wa mti. Baada ya hapo mnunuzi aliweza kujikagulia mwenyewe.

Mfano wa pili ni kakakuona. Mwandishi mmoja mashuhuri aliyetangulia kwa miaka elfu moja alidai kuwa mnyama huyo hufungua magamba yake, akajifanya amekufa mpaka sisimizi wakaingia, kisha akayafunga na kwenda kuwaachia majini ili awale. Shizhen alimpasua kakakuona, akakuta tumboni mwake sisimizi wanaokaribia ujazo wa lita moja.

Mfano wa tatu ni ua la mmea wa jamii ya mnanaha, ambao kwetu pia unajulikana kwa kumlevya na kumtia mtu wazimu. Alisikia kwamba anayelinywa pamoja na pombe hucheka au kucheza ngoma. Alilijaribu, na akaandika kwamba likichanganywa na bangi na kunywewa katika pombe ya moto, mtu hupoteza fahamu kwa kiasi cha kuweza kupasuliwa jipu bila kusikia maumivu.

Jina la tabibu huyu lilienea, na masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba alimponya mtoto wa mwanamfalme wa Chu kule Wuchang, akapewa kazi katika jumba lake, na baadaye akapelekwa Beijing kwenye taasisi ya matabibu wa mfalme. Watu wengi wangeng'ang'ania hapo mpaka kifo. Yeye alikaa mwaka mmoja hivi, kisha akarudi kwao kando ya ziwa, kwenye nyumba yake, wagonjwa wake na karatasi zake.

Mwaka 1578 alimaliza. Miaka 27 ilikuwa imepita kwa hesabu ya Wachina, na muswada ulikuwa umeandikwa upya mara tatu, wanawe na wajukuu wakisaidia kunakili na kuchora picha. Kitabu kilipewa jina la Bencao Gangmu, maana yake ni mpangilio mkuu wa dawa na matawi yake. Kilikuwa na majuzuu 52, dawa 1,892 ambazo 374 kati yake alikuwa ameziongeza yeye, na maelekezo ya kutengeneza dawa 11,096. Alivipanga vitu vyote katika mafungu 16, kuanzia maji, moto, udongo na madini, kisha majani, nafaka, mboga, matunda na miti, halafu wadudu, samaki, ndege na wanyama, na mwisho binadamu. Wenzetu wa Oman na Pembe ya Afrika watafurahi kujua kwamba ubani na manemane zimo, bidhaa ambazo kwa karne nyingi meli zilizipeleka China kutoka pande zao.

Jambo ambalo tunaona ni kubwa kuliko hesabu hizo ni namna alivyoandika. Kwa kila dawa alitaja majina yake yote, mahali inapopatikana, namna ya kuitengeneza, ladha na asili yake, na maradhi inayotibu. Alionyesha nani alisema nini na katika kitabu gani, na palipokuwa na kosa aliliweka wazi pamoja na sababu zake. Msomaji hakutakiwa kuamini tu, bali alipewa njia ya kurudi nyuma kukagua.

Kazi ya kuandika ilipokwisha, ikaanza shida ya kuchapisha. Siku hizo kila ukurasa ulichongwa kwenye ubao, na kitabu hiki kilikuwa na maneno karibu milioni mbili ya maandishi ya Kichina. Hakuna aliyetaka kutia mtaji wake katika kitabu kikubwa namna hiyo cha tabibu wa mikoani. Mwaka 1580 mzee alisafiri hadi Taicang, karibu na pwani ya mashariki, kumwomba msomi mashuhuri Wang Shizhen amwandikie dibaji. Wang alimwona mgeni mwembamba asiye na mzigo mwingine zaidi ya kitabu chake, akamkaribisha kwa siku kadhaa. Lakini dibaji yenyewe ilipatikana mwaka 1590, baada ya miaka 10. Hatimaye mchapishaji mmoja wa Nanjing, Hu Chenglong, alikubali kuifanya kazi hiyo.

Li Shizhen alifariki mwaka 1593, akiwa na umri wa miaka 75 hivi, kabla kitabu hakijaingia mikononi mwa wasomaji. Mwaka 1596 mwanawe Jianyuan alikipeleka kwa Mfalme Wanli. Mfalme aliagiza kitabu kibakishwe kwa ajili ya kuangaliwa na wizara ijulishwe, na jambo hilo likaishia hapo. Lakini watu walikipokea kuliko kasri. Kilichapishwa tena mwaka 1603, mwaka 1607 kilikuwa kimefika Japani, na mwaka 1735 sehemu zake zilitoka Paris kwa Kifaransa. Mwaka 2011 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Tukiishia hapo tutakuwa tumemsifu kupita kiasi, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwafanyia waliomtangulia. Li Shizhen alikosea pia. Aliingiza kitabuni vitu ambavyo leo vinatushangaza, hata kamba ya mtu aliyejinyonga. Alikataza zebaki kwa wanaotaka kuishi milele, lakini aliendelea kuikubali kama dawa ya baadhi ya maradhi, hali leo tunajua kwamba ni sumu. Njia za qi nazo, ambazo aliziandikia kitabu kizima, hazijaonekana katika mwili kwa vipimo vya sayansi ya sasa.

Na kuna lile suala la kakakuona, ambalo linatuhusu sana sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo. Shizhen alikagua tumbo la mnyama huyo, lakini magamba yake aliyaorodhesha kama dawa, hasa ya kuwafungulia maziwa wanawake wanaonyonyesha, kama wazee walivyosema. Magamba hayo yameumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha zetu. Kakakuona wa Asia walipopungua, wawindaji haramu walihamia kwa wa Afrika, na shehena za magamba zikawa zinakamatwa bandarini. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa, na mwaka 2020 China iliyaondoa magamba hayo katika orodha rasmi ya dawa zake. Sentensi moja isiyokaguliwa imemgharimu mnyama wetu maisha.

Makosa ya majina aliyoyapiga vita nayo yameendelea kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene katika kliniki moja mjini Brussels, Ubelgiji, walianza kuharibika figo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa mzizi mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana. Yote miwili huitwa fangji, lakini wa pili una sumu ya figo, ambayo baadaye iligunduliwa kuwa huleta saratani pia. Wagonjwa wapatao 100 walidhurika. Karne nne baada ya Qizhou, kosa lilikuwa lile lile: jina moja, mimea miwili.

Lakini upo pia mfano wa heri. Katika kitabu chake Shizhen alihifadhi maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, kuhusu mmea wa qinghao kwa ajili ya homa za vipindi, na kama ilivyo desturi yake alimtaja mwenye maelekezo. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwanasayansi Tu Youyou akaanza kupekua vitabu vya kale. Aligundua kwamba Ge Hong aliagiza mmea uloweshwe na kukamuliwa, hakusema uchemshwe. Mwaka 1971 alitumia njia isiyo na moto mkali, na dawa ikapatikana, ambayo ni artemisinini. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri itumiwe pamoja na dawa nyingine, na hiyo ndiyo dawa mseto ya malaria iliyookoa watoto wengi Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel. Zingatieni kwamba hakuishia kwenye kitabu. Alijaribu, akapima, akarekebisha. Na shirika hilo hilo halishauri watu kunywa chai ya majani ya mmea huo kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani.

Wasomaji wetu, hilo ndilo tunaloliona katika maisha ya Li Shizhen. Kwake yeye, kumheshimu mzee aliyetangulia kulikuwa ni kuyachukua maneno yake kwa uzito wa kutosha hata kuyahakikisha. Kwa hiyo mara nyingine ukisimama mbele ya kabati lile la droo nyingi, uliza jina kamili la mzizi unaopewa, uliza unatoka wapi na unafanya nini, na mweleze daktari wako wa hospitali unachokunywa. Mzee wa Qizhou aliwauliza wavuvi na wakata kuni kwa miaka 27, nasi tusione haya kumuuliza muuza duka kwa dakika tano.